Kikombe cha Kwanza

Mtu mmoja alikuwa na kipande cha shamba la mkonge, na mdogo wake asiyeona, na neno moja ambalo hakuwaambia waliopaswa kulisikia. Shamba lilirithiwa, mdogo wake akazeeka, na neno lile likabaki lilipo. Nitawasimulia polepole, maana nimeshaona kwamba nikiwaeleza kwa mkato mnatikisa vichwa, mnasema tumeelewa, kisha mnakwenda kufanya yale yale.

Aliitwa Kajiru. Alikuwa mkata mkonge katika shamba kubwa la tambarare, chini ya milima ya Upare, na wenye shamba walipozima mashine zao na kuondoka, yeye alibaki na mistari michache ya mikonge kando ya jiwe la mpakani ambayo hakuna aliyeitaka tena. Katani haikuwa na mnunuzi. Lakini tangu ujana wake wakataji wa zamani walikuwa wamemfundisha kupika gongo la mkonge, na kazi hiyo ndiyo iliyowalea watoto wake watatu. Si kazi ya mtu mwenye haraka. Mkonge unasubiriwa miaka minane au tisa. Ukikaribia kutoa mlingoti wake wa maua unakatwa, majani yote yanaondolewa, kinabaki kichwa kizito mfano wa nanasi la kubebwa na watu wawili. Kichwa kinafukiwa siku tatu katika shimo la mawe ya moto. Kinatoka cheusi na kitamu, kinatwangwa, kinalowekwa kwenye pipa mpaka kichachuke. Ndipo maji yake yanapochemshwa katika chungu kilichozibwa kwa udongo, mvuke unapita ndani ya mrija wa shaba uliolazwa kwenye maji baridi, na upande wa pili gongo linadondoka tone moja moja.

Kila alipopika, Kajiru alikinga matone ya mwanzo kwa kikombe cha bati mpaka kikajaa, akakipeleka nyuma ya jiwe la mpakani, akakimwaga. Alikisuuza mara tatu na kurudi kwenye moto. Watoto wake waliyaona hayo tangu wakitambaa. Walipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba kikombe cha kwanza si chetu. Ni cha nani? Ni cha mwenye shamba. Na mwenye shamba ni nani? Hapo Kajiru alikuwa akikumbuka kuni alizoziacha mahali fulani.

Wanakijiji hawakuhitaji kuuliza, walikuwa na jibu. Kibacha, mdogo wake Kajiru, alipofuka akiwa na miaka ishirini, na kila mtu alijua sababu: alimwona mwenye shamba, mzimu wa mkonge, akioga umande nyuma ya lile jiwe. Na ushahidi walikuwa nao. Pale Kajiru alipomwaga kikombe palikuwa peupe. Hapakuota jani, siafu hawakupita, hata kuku walipazunguka. Ndipo mzimu anapokaa, walisema. Mzimu huyo hawakujiuliza alifika lini, ingawa babu zao wenyewe walikuwepo miche ya mkonge ilipoletwa kwa magari, ikapandwa kwa kamba, mstari kwa mstari, na msimamizi akipuliza filimbi.

Aliyeujua ukweli alikuwa Nakiete, binti wa Kajiru na kitinda mimba wake. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, akashika kazi ya chungu pamoja na baba yake, kwa kuwa kaka zake wawili walipenda gongo kuliko walivyopenda kuchanja kuni. Asubuhi moja alikikinga kikombe cha kwanza yeye mwenyewe, akakisogeza mdomoni aonje kama kimekolea. Kajiru akampiga kofi mkononi na kikombe kikaruka. Hakuwa amempiga tangu azaliwe. Akakaa chini palepale kwenye kuni, akamwambia.

Siku ya kwanza kabisa yeye na Kibacha walipopika bila mtu wa kuwasimamia, kikombe cha kwanza kilipojaa, Kajiru alimpa mdogo wake kwa mapenzi. Onja wewe kwanza, alimwambia, na Kibacha akanywa chote. Siku ya tatu hakuona. Kumbe matone ya mwanzo ni sumu, yanatangulia kutoka kabla ya gongo lenyewe, na wakataji wa zamani walilijua hilo vizuri, ila kila mmoja alidhani mwenzake ameshawaambia. Mama yao alipouliza imekuwaje, Kajiru alitazama huku na huku, akaliona lile jiwe, akasema, amemwona mwenye shamba. Ni uongo wa sekunde moja. Watu waliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu ulikuwa uongo mzuri usiomwudhi mtu: hakuna mpishi wa kulaumiwa, hakuna mlevi wa kuchekwa, kuna mzimu tu.

"Mkono uliompa ni huu," Kajiru alimwambia binti yake. Kisha akamwapisha asimwambie mtu yeyote maadamu Kibacha yu hai, kwa kuwa Kibacha kijijini aliheshimiwa kama mtu aliyeona makubwa, na wangejua wangemgeuza kuwa mlafi aliyejipofusha kwa pombe. Nakiete aliapa. Aliapa kwa kuwa ni baba yake, na kwa kuwa siku ile kunyamaza kulionekana kazi nyepesi.

Baadaye Kajiru alikufa. Chungu na mrija vikamwangukia Senzia, mwana wa kwanza, na hapo ndipo Nakiete alipoanza kuishiwa subira.

Senzia hakuwa mtu mbaya. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya, mngemweka mbali nanyi na kulala usingizi. Alimpenda baba yake kwa dhati. Alizungushia uzio wa mianzi chungu, jiwe, na pale mahali peupe, akafagia kila asubuhi, akamweka Baba mdogo Kibacha kwenye kiti mlangoni kama shahidi. Habari zikafika mjini. Watu wakaanza kuja siku za Jumamosi na magari yao, wakitaka kuonja na kusikia, na Senzia, aliyekuwa hodari wa kupiga chuku tangu utotoni, hakuwanyima. Alisema radi ndiyo iliyopika mkonge wa kwanza, ikaupasua, babu akaramba ule utamu akaota ndoto siku saba. Alisema funza anayekaa katikati ya mkonge ndiye roho ya mkonge, akaanza kutia funza mmoja ndani ya kila chupa, na wageni wakawa wanagombania chupa yenye funza mnene. Nakiete alikuwa ametumia miaka kuwachokoa funza wale kwa ncha ya kisu, maana wanaozesha kichwa kizima. Alitazama, akaenda kuteka maji.

Senzia alisema pia kwamba gongo lazima likorogwe kwa mkono wa kushoto. Ni kweli Kajiru alikoroga kwa kushoto. Bega lake la kulia liliteguka akipakia katani na halikupona sawasawa. Nakiete alimkumbusha kaka yake hilo bega, alilokuwa analikanda kwa mafuta ya nazi kila jioni, na Senzia akamjibu kwa upole kwamba mambo yana sura mbili. Unamwambia nini mtu wa namna hiyo?

Jambo lililowapendeza zaidi wageni lilikuwa la mrithi. Mrithi wa kweli, Senzia alisema, hujulikana kwa kuzuiwa. Siku yake ikifika ya kupokea nguvu, watu wa damu yake mwenyewe watamlilia asipokee, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na akiwasikiliza amepotea. Wageni walisisimka. Nakiete alisubiri waondoke.

"Hayo umeyatoa wapi, kaka?"

"Nilimsikia baba."

"Baba huyu huyu? Baba aliyekuwa hasemi hata habari za asubuhi mpaka uji uive?"

Senzia alicheka kidogo, kama mtu anayemsamehe mtoto. Juma lililofuata alitangaza kwamba mwanamke hapaswi kukaribia chungu, mzimu hapendi. Alimwambia hivyo dada yake wakati dada mwenyewe amepiga magoti mbele ya chungu chenyewe, anaziba ufa kwa udongo. Nakiete alimaliza kuziba ule ufa, akanawa mikono, akatoka nje ya uzio. Tangu siku hiyo, moto ulipomzidi Senzia, alikuwa anakuja kunong'ona kwenye nafasi za mianzi kumwuliza apunguze kuni ngapi, na Nakiete alikuwa anamjibu. Mnacheka. Yeye hakucheka.

Kaka wa pili, Mbonea, alikuwa fundi umeme mjini na alikuja mwisho wa mwezi. Kwake yeye yote hayo yalikuwa ushamba. Radi, funza, mkono wa kushoto, jiwe, na kikombe, vyote alivitia kapu moja akavitupa. Ardhi haina koo, alisema, mnamwaga kinywaji kizuri kwa ajili ya mchanga. Senzia akamwita kafiri na yeye akamwita Senzia mganga, wakanuniana, wakapatana kwenye chakula, wakaanza tena. Mmoja alishikilia kwamba kikombe ni kitakatifu na mwingine kwamba kikombe ni upuuzi. Walibishana mwaka mzima na hakuna hata mmoja aliyekinusa.

Ikakaribia kumbukumbu ya mwaka mmoja ya kifo cha Kajiru. Ukoo ulikutana kupanga shughuli, na Senzia akasimama na neno jipya. Baba sasa yuko huko chini pamoja na mwenye shamba, alisema. Kumwagia chini ni kumpa kilicho chake tayari. Kwa hiyo siku ya kumbukumbu kikombe cha kwanza hakitamwagwa. Kitanywewa. Wanawe wawili watakigawana mbele ya watu wote, na nguvu za baba zitawaingia. Mbonea akapiga paja lake akacheka, akasema kwamba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe amemsikia kaka yake akisema jambo la maana, angalau mchanga utapumzika na kinywaji kitakwenda kwenye koo. Wakashikana mikono. Shangazi zao wakatoa machozi kwa furaha ya kuona wana wa Kajiru wamepatana. Nakiete alikuwa pembeni anapepeta mchele kwa ajili ya wageni, na ungo ukamtoka mikononi.

Alianza na Senzia. Alimkuta anafagia ndani ya uzio, akasimama nje kama alivyoamriwa, akamwambia waziwazi kwamba matone ya mwanzo ni sumu, yanapofusha, baba aliyamwaga kwa sababu hiyo na si nyingine. Uso wa Senzia ukang'aa. Akaweka ufagio chini.

"Umeona sasa," alisema. "Imeanza. Hiyo ni mara ya kwanza."

Nakiete alisimama pale na mianzi ikiwa katikati yao, asijue afungue mdomo au aufunge. Kila neno la kumwokoa kaka yake lilikuwa limeshapewa kazi ya kumwangamiza. Aliondoka, akihofia asije akahesabiwa ya pili.

Akaenda kwa Mbonea, akijipa moyo kwamba huyu angalau amesoma. Mbonea alimsikiliza akiwa anakaza nati ya pikipiki. Sumu gani, aliuliza, na ushahidi uko wapi? Baba amepika miaka zaidi ya arobaini, nani amewahi kudhurika? Nakiete akasema hakuna aliyedhurika kwa sababu baba alikuwa anamwaga. Mbonea akasema basi kama hakuna aliyewahi kukinywa, hakuna anayejua kama ni sumu. Akaangalia kazi yake, akaridhika nayo, akarudia kukaza nati. Nakiete alikuwa na ushahidi mmoja tu duniani, na ushahidi huo ulikuwa umekaa kwenye kiti mlangoni na yeye alikuwa ameapa asiutaje.

Basi akamwendea Kibacha. Alikuwa nyuma ya nyumba anasokota kamba za katani juu ya paja, kazi aliyoifanya tangu alipopofuka, na paja lake lilikuwa na sugu ndefu kama mshono. Nakiete alipiga magoti, akamwamkia, akamwambia bila kuzunguka.

"Baba mdogo, najua ulichokunywa. Nimekuja unifungue kiapo, au useme mwenyewe."

Kamba ikasimama. Kuku akaja kudonoa nyuzi miguuni pake.

"Mwanangu," alisema, "nina miaka arobaini na mitano sijaona kitu. Jua silioni, uso wako siujui. Kuna kitu kimoja tu duniani ambacho inasemekana niliwahi kukiona, na watu wanatoka mjini kuja kunisalimia kwa ajili ya hicho. Nacho unakitaka?"

"Nakitaka," Nakiete alisema. Hasira ilimpanda hata akasahau kuinamisha kichwa. "Wana wa kaka yako wana macho manne, baba mdogo. Nakitaka."

Kibacha alitafuta ncha ya kamba kwa vidole, akaanza kusokota tena. Nakiete akangoja, kisha akainuka. Alikuwa na siku nne. Angeweza kwenda sokoni akapanda juu ya gunia na kulisema lote, kiapo au hakuna kiapo. Alilifikiria. Lakini alijiambia kwamba mzee atasema, lazima atasema, hawezi kukaa pale akasikia kikombe kinanyanyuliwa asiseme. Akarudi kwenye mchele wake, na siku nne zikapita hivyo.

Siku ya kumbukumbu moto uliwashwa alfajiri. Kufikia saa nne uwanja ulikuwa umejaa, wajukuu, majirani, wageni wa mjini na simu zao juu. Senzia alikuwa amevaa koti la baba yake. Mbonea alisimama karibu naye, mikono mfukoni, akitabasamu kwa ajili ya wale wa mjini, apate kuonekana kwamba yeye yumo lakini hayumo. Mrija ulikohoa mvuke, ukatoa tone, likafuatwa na jingine, na kikombe cha bati kikaanza kujaa. Nakiete akiwa nje ya uzio na wanawake wenzake aliipata ile harufu, kali, ya rangi ya mafuta inayopakwa milango, harufu aliyoijua kwa miaka tisa. Akamtazama Kibacha. Kibacha alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, fimbo katikati ya magoti, midomo imefungwa.

Kikombe kikajaa. Senzia akakiinua kwa mkono wa kushoto.

Nakiete akaingia ndani ya uzio. Mwanamke mmoja alimvuta khanga, ikabaki mikononi mwa yule mwanamke. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kaka usinywe, ni sumu, na minong'ono ikapita uwanja mzima, maana wote walikuwa wameisikia habari ya mrithi na kuzuiwa, na wengi walikuwa wanahesabu. Senzia alimtazama dada yake kwa macho yaliyojaa machozi ya shukrani. Ya pili, alisema.

Ndipo Kibacha akasimama. Alisimama kwa shida, akaigonga fimbo chini, na uwanja ukanyamaza kwa kuwa ni mtu aliyeona makubwa.

"Mimi sikuona mzimu wowote," alisema. "Nilikunywa kikombe hicho."

Mbonea akaurudisha nyuma mkono uliokuwa umenyooshwa kupokea nusu yake. Alimtazama baba yake mdogo, akatazama kikombe, akatazama yale macho meupe ambayo alikuwa ameyaona kila siku ya maisha yake bila kuyauliza lolote. Alipiga hatua mbili nyuma. Ushahidi ulikuwa umemfikia. Lakini Senzia alisikia kitu kingine kabisa katika maneno yale yale. Alimsikia mtu wa damu yake, mzee kuliko wote, akimzuia. Alikuwa ameisimulia habari ile kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na sasa ilikuwa inatokea mbele yake neno kwa neno, kama alivyoipanga.

Ya tatu, alisema, akanywa nusu yake, na nusu ya Mbonea akamalizia.

Watu walishangilia. Walipiga vigelegele. Nakiete alimrukia akampiga mgongoni atapike, wakamshika mikono wakamtoa nje ya uzio, wakamwambia aache uchuro. Senzia alikula wali wa kumbukumbu ya baba yake, akacheza, akalala. Siku ya pili kichwa kilimwuma na tumbo likamkataa. Siku ya tatu alimwita dada yake akamwuliza kwa nini ametundika shuka jeupe dirishani. Hakukuwa na shuka. Mbonea alimpakia akamkimbiza hospitali, na daktari aliuliza swali moja kabla hata ya kumshika mkono: amekunywa nini? Nakiete alisimulia baadaye kwamba aliposikia swali lile alikaa chini sakafuni akalia, kwa kuwa huyo alikuwa mtu wa kwanza kuliuliza katika miaka arobaini na mitano. Walikuwa wamechelewa. Macho ya Senzia hayakurudi.

Nami ningetamani niishie hapo, mseme pole, mwende. Lakini sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo mimi huishiwa nguvu. Senzia alirudi kijijini na fimbo, na watu waliokuwa uwanjani siku ile, waliosikia kwa masikio yao wenyewe maneno ya mzee, walimpokea wakasema, amemwona mwenye shamba. Kibacha aliwaambia hapana. Aliwaambia tena na tena, kila mlango, kila mkutano, alilitoa lile neno lililomgharimu heshima yake yote, na wao wakamwitikia vizuri, wakamshika mkono kumvusha mfereji, na akigeuza mgongo wakaambiana mzee sasa anapotewa na akili. Magari yakaongezeka siku za Jumamosi. Viti mlangoni sasa ni viwili. Na Senzia mwenyewe, Senzia ambaye dada yake humwosha uso kila asubuhi na kumwambia kila asubuhi ni sumu, kaka, ilikuwa ni sumu, akisikia mlango wa gari unafungwa hujiweka sawa kwenye kiti na kuanza kueleza jinsi mzimu alivyokuwa amevaa. Nakiete alimwuliza mara moja tu kwa nini. Alijibu, dada yangu wa damu, nikisema vinginevyo, nitabaki na nini? Kule kwenye kiti cha pili kamba ya katani ya Kibacha ikaacha kusokotwa.

Nakiete ndiye anayepika sasa. Ameung'oa uzio akautia motoni. Kikombe cha kwanza anakimwaga nyuma ya jiwe, na watoto wa kaka zake wakimwuliza anawajibu palepale, kwa neno moja, bila kupepesa: sumu. Anawanusisha. Anawaonyesha mchanga usioota kitu. Anawapeleka kwenye vile viti viwili na kuwaambia nani alikunywa na nani alimpa. Wanasema ndiyo, shangazi. Halafu mmoja wao, yuleyule kila mara, anamvuta pindo la khanga akiwa na hamu usoni, anauliza, na mzimu je?

Sasa niambieni ninyi, wenye watoto nyumbani: ni nani aliyempofusha Senzia? Msiniambie ni kikombe, kwa maana kikombe peke yake ndicho kilichonuka wazi tangu siku ya kwanza.